Muhuri wa Rangi ya Mafuta

Jaruba la mpunga la Lukresia lilichukuliwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na ukuta huohuo ndio uliotolewa kuwa ushahidi.

Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka 1975, mwaka wa pili tangu watu watolewe mabondeni na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, katika kijiji kimoja mbele ya Didia ambacho jina lake tuliache lilale. Mwenyekiti Makoye alikuja na wanakamati wanne, karani mwenye daftari, na mgambo mmoja kijana aitwaye Ignas. Makoye alikuwa na kofia yake ya pama, ile ambayo watu walisema mkewe huivua kwa ruhusa ya kamati. Akasimama, akautazama ukuta.

Ukuta ulikuwa wa kutazamwa. Chini udongo mweupe wa mtoni, juu yake mistari myekundu iliyopinda kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa, na katikati msururu wa kanga, kila mmoja na madoadoa yake, hakuna wawili waliofanana.

"Mwangaluka, Mama Sikujua."

"Mwangaluka, mwenyekiti. Karibuni viti."

"Viti hapana. Huu ukuta umechora mwenyewe?"

Lukresia hakuwa amewahi kusifiwa na mtu mwenye daftari. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatabasamu. "Mwenyewe."

"Umekuchukua siku ngapi?"

"Nne. Tano, ukihesabu na kuponda udongo."

"Karani, andika siku tano."

Karani akaandika. Tabasamu la Lukresia likabaki peke yake usoni, halijui pa kwenda.

Makoye akaeleza, kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya sita, kwamba sheria ndogo inataka kila kaya ilime ekari moja ya pamba na ekari moja ya mtama. Kaya ya Felician ililima pamba robo tatu ya ekari. Robo iliyobaki iko wapi? Si hii hapa, ukutani? Siku tano za jembe zimegeuzwa kanga ambao hawaliwi.

"Mkulima halisi hana muda wa kuchora kuta," alisema. "Anayechora ni kupe. Anategemea damu ya wenzake."

Felician, mume wa Lukresia, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla gogo la duara, ndivyo wachimbaji wa Geita wanavyoliita shimo lao la dhahabu, halijamwangukia mgongoni. Tangu hapo alikuwa akiinama kama mtu anayetafuta sindano. Robo ya ekari iliyokosekana ilikuwa mgongoni mwake, na kila aliyesimama pale alijua.

"Mwenyekiti," ilisema sauti kutoka nyuma ya ua wa minyaa. Ilikuwa ya jirani, Scolastika, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango. "Ukuta ameuchora mwezi wa nane. Mwezi wa nane jembe lina kazi gani? Tukalime vumbi?"

Makoye hakugeuka. Alizaliwa palepale, amelimia jembe la mkono toka yuko uchi, na alijua vizuri kwamba mwezi wa nane mtu hata akitaka kulima ardhi itamcheka. Akasema tu, "Kwa kosa hilo, jaruba la kaya hii linaingia kwenye shamba la kijiji."

"Jaruba lile alilichimba mkwe wangu," Lukresia alisema. "Matuta yake aliyapandisha kwa mikono."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya jaruba. Yenye muhuri."

Hapo mwenyekiti alipapasa mfuko wa shati, mahali alipouweka muhuri wa kijiji, umefungwa kwenye leso. Makoye alipenda muhuri kuliko nyama. Aliwahi kuugonga kwenye barua ya posa ya mpwa wake, na wakwe wakadhani wameshtakiwa.

Lukresia hakuwa na karatasi. Katika bonde lile hakuna aliyekuwa nayo. Karani akafunga daftari, wakaenda kwa Scolastika, ambaye kosa lake lilipatikana haraka zaidi.

Hadi Ijumaa majaruba sita yalikuwa yamechukuliwa, yote ya upande wa chini, yale yanayoshika maji hadi mwezi wa nne. Jumamosi watoto waliona maksai wa Makoye wakisafishiwa njia ya kwenda huko. Shamba la kijiji lilikuwa na kihenge kimoja tu cha kutilia mpunga, na kihenge hicho kilikuwa uani kwa mwenyekiti.

* * *

Pamba ilinunua chumvi, daftari na sabuni. Mtama ulifika mwezi wa kumi na mbili, ukichungwa. Kuanzia hapo hadi mavuno, nyumba ya Felician ilikula jaruba. Bila jaruba, mwakani kungekuwa na miezi mitano ya kwenda kwa watu na bakuli, na Lukresia alijua ni kwa nani wangetumwa kwenda kwanza: kwa mwenye kihenge.

Jumapili, baada ya misa, alimkuta binti yake Sikujua, mtoto wa miaka kumi na mitatu, anasugua ukuta kwa kitambaa chenye maji.

"Unafanya nini?"

"Nafuta. Tukifuta si watarudisha?"

"Acha."

"Si ndio uliotuponza, mama?"

Lukresia alimnyang'anya kitambaa. Alitaka kusema neno kubwa, lakini macho yake yalikwenda kwenye kitambaa. Kilikuwa safi. Mtoto alikuwa amesugua kanga watatu kwa nguvu zake zote, na kanga walikuwa wanamtazama tu. Rangi zile Lukresia alizichanganya na uji wa muhogo na utomvu wa minyaa, kama alivyofundishwa na mama yake, na utomvu ukikauka haujui maji.

Lakini kwenye pembe ya chini palikuwa na kanga mmoja aliyechorwa siku ya mwisho, utomvu ulipokuwa umeisha. Huyo alichorwa kwa udongo na maji matupu. Lukresia alimgusa kwa ncha ya kitambaa, mara moja. Kanga akaondoka mzima, akaacha ukuta mtupu kama vile hakuwahi kuzaliwa.

Alikaa pale amechuchumaa hadi Felician akamwita mara mbili kuwa uji unaungua.

"Unawaza nini?" Felician aliuliza wakati wa kula.

"Kulima," alijibu.

* * *

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi ilikuja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka wilayani atakitembelea kijiji, na Makoye akakumbuka kwamba ofisi yake mpya ina ukuta mtupu unaotazama barabara. Ofisi ilijengwa kwa matofali ya tope na nguvu za watu wote. Ilipangiwa mabati ishirini na manne. Yaliyopanda juu yalikuwa kumi na sita. Manane yalitembea usiku yakafikia kwenye jiko la mwenyekiti. Kwa hiyo paa lilikuwa fupi upande wa mashariki, kama kaptula ya mtoto aliyekua, na ukuta ulikuwa nje wote.

Makoye alimtuma Ignas kumwita Lukresia. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo lilimwogopesha.

"Nataka mavuno," alisema. "Pamba nyeupe mpaka juu. Ng'ombe wanono. Wananchi wanacheka. Na katikati awepo kiongozi, usimnenepeshe sana."

"Mimi si kupe, mwenyekiti? Kupe anachora ofisi ya serikali?"

"Hiyo ilikuwa kazi ya kamati. Hii ni ya kujitolea."

"Nikichora, jaruba langu litarudi?"

Makoye akacheka, akamtazama karani ili naye acheke. "Tutaona, mama. Chora kwanza."

"Haya," Lukresia alisema. "Nipe wiki mbili."

Alikubali upesi hivyo. Habari zilipomfikia Scolastika, alikuja na mwiko wa ugali mkononi.

"Mtu amekupiga kofi, wewe unamuuliza kama mkono umemuuma. Umechorea nyumba za watu wa maana mpaka Ushirombo, leo unakwenda kumpamba yule?"

"Una panga?"

"La kukukatia wewe?"

"La kukatia minyaa. Nataka utomvu, ndoo mbili. Jipake mafuta mikononi na usijiguse macho. Ukinisaidia, huo mdomo wako nitauchora ukiwa umefungwa, watu wapumzike."

Scolastika alimtazama. Walijuana tangu usichana wao, na alikuwa anajua Lukresia akitania huku hacheki maana yake nini. Akaenda kutafuta panga.

* * *

Ukuta wa kwanza ulichorwa mchana kweupe, mbele ya kila aliyepita. Lukresia alisiliba udongo mweupe wenye uji na utomvu, akasubiri ukauke, kisha akaanza kupiga miraba kwa masizi. Chini akapitisha mto. Juu akaweka kichuguu na mti wa mkwaju, kama vinavyokaa kule bondeni.

Makoye alipita siku ya tatu. "Hivi vimiraba ni vya nini?"

"Ni vya kupimia, mwenyekiti. Bila vimiraba ng'ombe watatoka wamepinda, mgeni atadhani tuna ndui."

"Pima sawasawa."

"Napima."

Ndani ya kila mraba aliweka alama. Wanaume walipita wakaona mikwaruzo. Lakini kila mwanamke wa bonde lile ana alama ya kihenge chake, anayoichora kwa kidole kwenye kinyesi cha ng'ombe kikiwa kibichi, ili siku ya kupura pasiwe na maneno. Ya Lukresia ni unyayo wa kuku. Ya Scolastika ni chanuo. Ya bibi Theopista, mama yake Ignas, ni kigoda cha miguu mitatu. Mwanamume anakula maisha yake yote kutoka kihenge kimoja na akiulizwa alama yake atakuambia ni duara. Wanawake waliokwenda kisimani waliuona ukuta, wakazidi kwenda kisimani. Siku zile kijiji hakikupungukiwa maji. Na hakuna aliyesema kitu.

Kutoka kwenye miraba alichora wanawake wadogo wadogo, wamebeba makapu ya mpunga, wanapanda wote kwenda kwenye kihenge kimoja. Juu ya kihenge aliweka pama.

Siku ya nne alikuja Mageni, mke wa Makoye, na kibuyu cha togwa. Lukresia alisimama mbele ya ile pama, akaificha kwa mgongo. Mageni hakuwa mtu wa kufichwa. Aliutazama ukuta polepole, kama mtu anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini.

"Vipo sita," alisema.

"Nini, mama?"

"Cha saba kiko wapi?"

"Cha saba ni cha nani?"

"Changu. Lile jaruba la chini ya mkwaju niliachiwa na shangazi. Mwaka wa nne huu, mpunga wake unapanda basi kwenda Shinyanga mjini, Kambarage, kwenye nyumba ya mwanamke mwenye meno mazuri." Akamimina togwa, akampa. "Alama yangu ni mwezi mwandamo. Usikosee ukaufanya ndizi."

Lukresia akachora mraba wa saba, na ndani yake mwezi. Mageni alikaa mpaka ukaisha. Alipoondoka aligeuka mara moja.

"Tia utomvu mwingi," alisema.

Baadaye, wakati wanaume wote walikuwa mnadani kwa ng'ombe, Lukresia alisiliba juu ya kila kitu udongo mwembamba, mweupe, uliochanganywa na maji ya kisimani na si kingine. Juu ya huo akachora alichoagizwa, na alichora kwa moyo wote. Pamba ilifika mawinguni. Ng'ombe walikuwa wanono hadi shingo zao zimepotea. Makoye alisimama katikati na mkono mmoja umeinuliwa, na tumbo la wastani.

Mwenyewe alipoona, alirudi nyuma hatua tatu aione yote. Kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki kopo dogo la rangi nyekundu ya mafuta na brashi mpya.

"Nimevinunua mjini. Hapa chini uniwekee muhuri wa kijiji, mkubwa kama sinia. Ndani yake sahihi yangu, na maneno: Imethibitishwa na Mwenyekiti."

"Udongo wangu mwekundu hautoshi?"

"Udongo unapauka. Picha ikipauka si neno. Jina langu lisipauke."

Lukresia aliiangalia brashi. Wakati mwingine mtu anakusaidia kazi bila wewe kumwomba, na adabu ni kumshukuru.

"Wabeja, mwenyekiti," alisema.

Kabla ya kupaka rangi, alikwangua udongo wa juu mahali pale pa sinia, mpaka akafikia utomvu. Makoye alimshikia kopo.

* * *

Mgeni alikuja tarehe sita ya mwezi wa kumi na moja. Palichinjwa mbuzi wawili, wa Scolastika mmoja, na wanawake wakaambiwa waimbe. Lukresia alipewa kazi ya kupitisha maji ya kunawa. Kwa hiyo alikuwa ameinama na birika mbele ya mgeni wakati mgeni alipoutazama ukuta na kuuliza nani fundi.

"Ni kijiji, mheshimiwa," Makoye alisema. "Mimi nilikuwa natoa mwongozo."

Maji yalimwagika kidogo kwenye kiatu cha Makoye. Kidogo tu.

"Na huu muhuri?"

"Naidhinisha ninachosema, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Viongozi wengi wanaogopa kuweka sahihi." Mgeni alikuwa mtu mwema, anayependa rangi. Akawageukia watu. "Ukuta huu usiguswe na mtu. Mwezi wa pili nitarudi na wenzangu wa vijiji vingine, waje wajifunze."

Watu wakapiga makofi. Mageni alipiga kuliko wote.

Usiku huo Felician alisema, akiwa amelala chali kwa ajili ya mgongo, "Umemchorea mtu aliyekunyang'anya chakula, na amechukua sifa. Sijui moyo wako umetengenezwa na nini."

"Na udongo na maji," Lukresia alisema. "Lala."

* * *

Mvua ya kwanza ilichelewa siku kumi na mbili. Lukresia hakuwahi kuingojea mvua namna ile, hata miaka ya njaa. Kila asubuhi alitazama mashariki. Ilipokuja, ilikuja saa tisa alasiri na upepo mbele yake, ikaupiga ukuta wa ofisi ubavuni, mahali ambapo mabati manane yalipaswa kuwa.

Watu waliokuwa wamejibanza dukani ng'ambo ya barabara waliona yote. Mawingu ya pamba yalianza kutiririka. Ng'ombe wakakonda, wakawa mbuzi, wakawa maji. Mwenyekiti wa ukutani alianza kuondoka kwa miguu, halafu tumbo, halafu ule mkono ulioinuliwa ukabaki peke yake kidogo, kana kwamba unaaga. Chini, muhuri mwekundu haukutikisika.

Mvua ilipokatika, jua lilirudi na kuuwasha ukuta. Mto. Kichuguu. Mkwaju. Majaruba saba, kila moja na alama yake. Wanawake na makapu, kihenge kimoja, pama. Na chini kabisa, kubwa kama sinia: Imethibitishwa na Mwenyekiti, na sahihi ambayo hata watoto wa darasa la kwanza waliijua.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Bibi Theopista, mwenye miaka sitini, alivuka barabara kwenye tope, akaweka kiganja chake juu ya kigoda cha miguu mitatu.

"Hii hapa karatasi," alisema.

Kisha Scolastika akaweka mkono kwenye chanuo, na hapo kicheko kikaanza, na kilipoanza hakikuwa na wa kukizuia.

Makoye alikuja na ndoo ya chokaa kabla ya jua kuzama. Akapaka mwenyewe, maana kila aliyemwita alikuwa na mgonjwa nyumbani. Mvua ya pili ilikuja kesho yake. Chokaa ikabanduka juu ya utomvu vipande vipande, kama utando wa maziwa, na majaruba yakatoka yameoga. Aliinua panga aukwangue ukuta. Karani, ambaye hakuwahi kumpinga, alikohoa.

"Mheshimiwa alisema usiguswe, mwenyekiti. Mbele ya watu mia tatu. Niliandika."

Jumatatu wanawake saba waliteremka bondeni na majembe. Makoye alimtuma Ignas akawatoe. Ignas alichukua rungu, akapita ofisini kwanza, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, kisha akarudi.

"Umewatoa?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Pale pana muhuri, mwenyekiti. Mimi nimefundishwa kuheshimu muhuri." Akaliweka rungu chini, taratibu. "Na lile la kigoda ni la mama."

* * *

Mwezi wa kwanza, mpunga ukiwa wa kuhamishwa kutoka kitaluni, Makoye alikuja jarubani kwa Lukresia. Alisimama juu ya tuta, viatu mkononi. Wanawake walikuwa wamejaa bonde zima, migongo imeinama, na hakuna aliyekuwa anasikiliza, yaani wote walikuwa wanasikiliza.

"Mama Sikujua, shikamoo."

Migongo miwili mitatu ikanyooka. Makoye alimzidi miaka sita.

"Marahaba," Lukresia alisema, bila kuinuka.

"Majaruba yenu mmepata. Sijawabughudhi."

"Hujatubughudhi."

"Mgeni anakuja tarehe nane mwezi ujao. Anakuja na watu wa vijiji kumi na moja." Akahamishia viatu mkono wa pili. "Nichoree kitu juu ya picha ile. Chochote. Nataka utomvu ndani yake."

Lukresia alichomeka mche, akachomeka mwingine. Felician, aliyekuwa anagawa miche kutoka kwenye tuta, alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Usiku uliopita alikuwa amemwambia: umeshashiba, mwache mtu. Naye alimjibu kwamba siku ile mlangoni, mbele ya nyumba sita, Makoye hakumwacha.

"Mwenyekiti, unaona hii miche?" Lukresia alisema. "Isipoingia leo, kesho imekufa. Watu wanaongea wakifanya kazi."

Makoye alitazama kulia na kushoto. Akaweka viatu chini. Akakunja suruali, akaingia kwenye tope hadi magotini, akapokea miche kutoka mkono wa Felician. Mwanzo aliichomeka imepinda, kisha mikono ikakumbuka utoto wake. Walikwenda mstari kwa mstari. Saa nne, saa tano, saa sita. Kofia ikamwanguka, ikaelea, hakuna aliyeiokota. Kwenye jaruba la chini ya mkwaju Mageni alikuwa anapanda na kuimba wimbo wa kanisani, polepole, mstari mmoja anaurudia.

Mche wa mwisho ulipoingia, Makoye alijaribu kujinyoosha, akashika kiuno, mgongo ukakataa. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama kama Felician.

"Haya," alisema. "Utaanza lini?"

Lukresia alinawa mikono kwenye maji ya jaruba, kidole kwa kidole.

"Wabeja kwa kazi, mwenyekiti. Umepanda vizuri." Akamtazama usoni sasa. "Lakini mkulima halisi hana muda wa kuchora kuta. Wewe ndiye ulisema, karani akaandika. Nitakuja mwezi wa nane."

"Mgeni anakuja mwezi wa pili."

"Mwezi wa nane," Lukresia alisema. "Jembe likiwa halina kazi."

Akaokota pama iliyokuwa imekwama kwenye miche yake, akaikung'uta maji, akamvalisha.